Kiongozi Bora Ndiye Anayekubali Kuhesabiwa

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, lipo neno moja ambalo limekuwa ngao ya viongozi wetu wengi. Neno hilo ni "fitna". Muumini akisimama baada ya swala ya Ijumaa kuuliza kodi ya fremu za msikiti imefikia kiasi gani na imetumikaje, huambiwa analeta fitna. Kijana akiomba kuliona daftari la michango ya mabati, huambiwa hana adabu kwa wazee. Mama aliyetoa kiwanja chake kuwa wakfu wa madrasa akiuliza mbona pamejengwa maduka, huambiwa asubiri, ajira yake iko kwa Allah. Mwisho wake watu hunyamaza, na ukimya huo huitwa umoja.

Sisi tunasema kwamba huo si umoja. Ni watu waliokata tamaa wakiwa wamesimama safu moja. Kila mmoja ana lake moyoni, na dalili yake ni kwamba michango hupungua mwaka hadi mwaka huku waumini wakiongezeka.

Katika ukurasa huu tunakusudia kuzungumzia kinachomtenga kiongozi bora na kiongozi wa kawaida, kwa sababu wengi wetu tunakitafuta mahali pasipo pake. Wapo wanaokitafuta katika ufasaha wa ulimi juu ya mimbari. Wapo wanaokitafuta katika urefu wa mnara aliousimamisha, au katika idadi ya wafadhili anaofahamiana nao huko Ghuba. Hatukatai kwamba hayo ni neema. Lakini kiongozi wa kawaida anaweza kuwa nayo yote, na hata mwenye kuhini anaweza kuwa nayo. Mizani tuliyoachiwa na wema waliotangulia ni nyingine: kiongozi bora hukubali kuhesabiwa na wale anaowaongoza, na akiondolewa huondoka akiwa bado ni ndugu yao.

NGUVU NA UAMINIFU

Allah (s.w.) ametusimulia katika Suratul-Qasas, aya ya 26, jinsi binti wa yule mzee wa Madyan alivyompendekeza Nabii Musa (a.s.) kwa baba yake. Alimtaja kwa sifa mbili, nguvu na uaminifu. Sheikhul-Islam Ibn Taymiyya, katika kitabu chake As-Siyasa ash-Shar'iyya, amezifanya sifa hizo kuwa nguzo mbili za kila wadhifa, akabainisha kwamba ni nadra zote mbili kukutana kwa mtu mmoja. Nguvu ni uwezo wa kuifanya kazi yenyewe: aliyepewa jeshi ajue vita, aliyepewa hukumu ajue sheria, na aliyepewa mali ajue kuitunza. Uaminifu ni kumwogopa Allah na kutowaogopa watu katika haki.

Tazameni basi jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoitumia mizani hiyo. Abu Dharr (r.a.) alimwomba ampe wadhifa. Nani kati yetu anautilia shaka ukweli wa Abu Dharr, au zuhdi yake? Pamoja na hayo, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) alimweleza waziwazi kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba uongozi ni amana ambayo Siku ya Kiyama itakuwa hizaya na majuto, isipokuwa kwa aliyeichukua kwa haki yake na akatekeleza yaliyo juu yake.

Hapa pana funzo kwa wanaosema: "Mwacheni huyu, ni mcha Mungu." Ikiwa ucha Mungu wa Abu Dharr haukutosha kumpa wadhifa, vipi ucha Mungu wa mwenyekiti wetu utoshe kumwepusha na daftari?

MTUME (S.A.W.) ALIMHESABU MTUMISHI WAKE

Imam Bukhari, katika Swahihi yake, ndani ya Kitabul-Ahkam, ameweka mlango mzima kuhusu imamu kuwahesabu watumishi wake. Chini ya mlango huo ameileta hadithi ya Abu Humayd as-Saidi (r.a.) kuhusu mtu aliyejulikana kama Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka za Bani Sulaym. Aliporudi, Mtume (s.a.w.) alimhesabu. Yule mtu akaigawa mali mafungu mawili. Fungu moja akasema ni la Waislamu, na la pili akasema ni zawadi aliyopewa yeye.

Mtume (s.a.w.) hakusema kwamba huyu ni Swahaba, tumdhanie vema. Alimuuliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Kisha akasimama mbele ya watu, akamhimidi Allah, na akalieleza jambo lile hadharani, akionya kwamba anayechukua kitu bila ya haki atakuja amekibeba Siku ya Kiyama.

Zingatieni mambo matatu katika hadithi hii. La kwanza, hesabu ilichukuliwa mara tu kazi ilipokwisha, haikungojewa miaka kumi. La pili, hakuna aliyeuona uulizaji ule kuwa ni matusi. La tatu, tatizo lilielezwa mbele ya watu kwa sababu mali yenyewe ilikuwa ya watu. Basi zile tende za futari, nyama za udhhiya na posho za mayatima zinazopita mikononi mwa wakubwa wetu, zina tofauti gani na zaka za Bani Sulaym?

SAAD NA MISIKITI YA KUFA

Kisa tunachotaka kila mwanakamati akisome kabla ya kulala ni cha Saad bin Abi Waqqas (r.a.). Huyu ni miongoni mwa Maswahaba kumi waliobashiriwa Pepo katika hadithi moja. Ndiye aliyeliongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Qadisiyya, akaingia Madain, mji wa wafalme wa Kiajemi, na chini ya uongozi wake ukaasisiwa mji wa Kufa. Mtu akitaka kutaja huduma kwa Uislamu, na ataje ya Saad kwanza.

Watu wa Kufa walimshitaki Saad kwa Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.). Walifika hata kusema kwamba hajui kuswalisha! Imam Bukhari ameipokea habari hii kwa Jabir bin Samura (r.a.). Umar alimwondoa Saad, akamweka Ammar bin Yasir (r.a.) mahali pake, kisha akamwita na kumuuliza. Saad akaeleza kwamba alikuwa akiwaswalisha swala ya Mtume (s.a.w.), akirefusha rakaa mbili za mwanzo na kuzifanya nyepesi mbili za mwisho. Umar akamwambia kwamba hiyo ndiyo dhana aliyokuwa nayo juu yake.

Lau angekuwa kiongozi wa kawaida, shauri lingeishia hapo. Mkubwa amemwamini mkubwa mwenzake, na walalamikaji wamekuwa waongo. Umar hakufanya hivyo. Alituma watu wakafuatana na Saad mwenyewe mpaka Kufa, wakaulize habari zake. Hawakuuacha msikiti wowote ila waliuliza ndani yake. Misikiti yote ikamsifu kwa wema, mpaka walipofika msikiti wa Bani Abs. Hapo akasimama mtu akadai kwamba Saad hatoki na jeshi, hagawi kwa usawa na hahukumu kwa uadilifu.

Ndugu zetu, ifikirieni hali ile. Mtekaji wa Madain anatembezwa msikiti kwa msikiti katika mji alioujenga, na watu wanaulizwa mbele yake: "Mna lipi juu ya mtu huyu?" Hatukusoma kwamba alisusa. Hatukusoma kwamba aliwakusanya wafuasi wake, akatoka na kwenda kufungua msikiti wa pili mtaa wa jirani. Alichofanya ni kumwomba Allah dhidi ya yule mtu, ikiwa amesimama kwa uongo na kutafuta sifa, amrefushie umri, amrefushie ufukara na amtie katika fitna. Dua ile ilimpata, na uzeeni alikuwa akikiri mwenyewe kwamba dua ya Saad imemfika.

Wala si hilo peke yake. Imepokewa kwamba Umar alipopata habari kuwa Saad ameweka mlango katika nyumba yake ya Kufa unaomtenga na watu wenye haja, alimtuma Muhammad bin Maslama (r.a.), akauchoma moto mlango ule. Ikiwa mlango wa mbao ulistahiki moto kwa sababu unawazuia watu kumfikia kiongozi wao, tuseme nini juu ya katiba zilizofichwa makabatini na vikao visivyoitishwa?

Mwisho wa kisa ndio unaoikamilisha picha. Umar alipochomwa kisu mwishoni mwa mwaka wa 23 Hijria, sawa na mwaka 644, aliwataja watu sita wachague khalifa miongoni mwao, na Saad akawa mmoja wao. Aliwaeleza kwamba hakumwondoa Saad kwa udhaifu wala kwa khiyana, na akausia kuwa atakayechaguliwa amtake msaada. Heshima ya Saad ilirudishwa mbele ya umma, kwa ulimi uleule uliomwondoa. Hivyo ndivyo hesabu inavyomlinda mtu safi. Aliyekataa kuulizwa hubaki na shaka mpaka kaburini, na aliyekubali hutoka na ushahidi.

Na Umar mwenyewe je? Akiwa kitandani na jeraha lake, alimwamrisha mwanawe Abdullah (r.a.) alihesabu deni lake, likapatikana kuwa elfu 86 au karibu na hapo, akaagiza lilipwe kutoka katika mali ya jamaa zake. Na Abdullah, pamoja na elimu na uchaji wake, aliruhusiwa kuhudhuria shura ile bila kuwa na fungu lolote katika ukhalifa. Linganisheni na jumuiya ambazo baba ni mwenyekiti, mwana ni katibu, na mkwe ndiye anayeshika hazina.

HOJA ZAO NA MAJIBU YETU

Wanasema: "Allah ametuamrisha kuwatii wenye mamlaka." Ni kweli, na amri hiyo iko katika Suratun-Nisaa, aya ya 59. Lakini anayeisoma aya ya 59 akaruka ya 58 hajaitendea haki Qur'ani. Aya ya 58 inaamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe na kuhukumu baina ya watu kwa uadilifu. Haki ya kiongozi imetajwa baada ya wajibu wake. Na hiyo aya ya 59 yenyewe inaamrisha kwamba mkizozana, jambo lirejeshwe kwa Allah na Mtume wake, wala haikusema lirejeshwe kwa mwenyekiti.

Wanasema: "Anafanya kazi kwa ajili ya Allah, hana mshahara." Twajibu kwamba Abu Bakr as-Siddiq (r.a.) alipotawazwa alieleza wazi kuwa biashara yake ilikuwa ikiwatosha watu wake, na kwa kuwa sasa ameshughulishwa na mambo ya Waislamu, jamaa zake watakula kutokana na mali hiyo naye atawafanyia kazi Waislamu. Posho inayojulikana na watu ni safi kuliko kujitolea kusikojulikana kunakula nini. Na kazi ikiwa ni ya Allah, je, hesabu yake si kubwa zaidi?

Wanasema: "Bila yeye wafadhili wataondoka na taasisi itakufa." Hoja hii ndiyo hatari kuliko zote, na Umar aliijibu kwa vitendo. Mwaka wa 13 Hijria, mara tu aliposhika ukhalifa, alimwondoa Khalid bin al-Walid (r.a.) katika uongozi mkuu wa majeshi ya Sham, akamweka Abu Ubayda (r.a.). Wanahistoria wamenakili kwamba miongoni mwa sababu alizozieleza baadaye ni hofu kwamba watu wamemtegemea Khalid, wakasahau kuwa mwenye kuleta ushindi ni Allah. Khalid hakurudi nyumbani kwa hasira, bali aliendelea kupigana chini ya Abu Ubayda, na nchi ya Sham ikafunguliwa. Taasisi itakayokufa kwa kuondoka mtu mmoja haina kiongozi. Ina mmiliki.

Wanasema: "Mnafungua mlango wa kuvunjiana heshima." Hapa tunawaunga mkono kwa sehemu. Yule mtu wa Bani Abs aliyesema uongo aliipata adhabu yake, na kila anayemzulia kiongozi jambo aogope yaliyomfika. Kuuliza hesabu kuna adabu yake: huulizwa katika kikao, kwa jambo maalumu, kwa anayehusika, na kwa nia ya kurekebisha. Anayenong'ona vibarazani na asiseme neno katika kikao, huyo si mwenye nasiha. Lakini adabu ya muulizaji ni jambo moja na haki ya kuuliza ni jambo jingine. Kuvunjwa kwa adabu hakuifuti haki.

Wala asidhani yeyote kwamba maradhi haya yako katika jumuiya za wengine tu. Wapo wanaojinasibisha na Sunna, wakali mno kwa anayezidisha dhikri moja baada ya swala, lakini mali ya umma wanaiendesha kwa bid'a ya siri ambayo Salaf hawakuijua. Sunna ya kuchukua hesabu ni Sunna kama zilivyo nyingine. Kila Ramadhani tunasikia mimbarini kisa mashuhuri cha Umar bin Abdul-Aziz na taa zake mbili, ya umma na ya kwake binafsi, na watu hulia. Kilio hicho kingetufaa zaidi lau baada yake tungesomewa bili ya umeme ya msikiti na stakabadhi ya malipo yake.

NINI KIFANYIKE

Wakfu wa mwanzo kupangiwa masharti kwa mapana ni ule wa Umar katika ardhi yake ya Khaybar, kwa maelekezo ya Mtume (s.a.w.). Ardhi ile isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe, na mapato yake yawaendee mafakiri, jamaa, watumwa wa kukombolewa, njia ya Allah, wageni na wasafiri. Msimamizi aliruhusiwa kula kwa wema bila ya kujitajirisha. Na katika riwaya ya Abu Dawud, Umar aliandika kwamba msimamizi awe Hafsa (r.a.), binti yake, muda wa uhai wake, na baada yake mwenye rai katika jamaa zake. Masharti yaliandikwa, msimamizi akajulikana, mpaka wa haki yake ukajulikana. Kwa mwanga huo tunapendekeza haya, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili:

Kwanza, kila msikiti uwe na daftari la mali zake za wakfu: kiwanja, nyumba, fremu, nani alitoa, kwa sharti gani, na hati iko wapi. Nakala ikae kwa wadhamini na nyingine kwa imamu.

Pili, mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila baada ya miezi mitatu, na yasomwe hadharani mara moja kwa mwaka, wanawake wakisikia na wakipewa nafasi ya kuuliza.

Tatu, michango isitumwe katika namba ya simu ya mtu binafsi. Ifunguliwe akaunti kwa jina la msikiti, na fedha zisitoke bila saini za watu wawili wasio na udugu.

Nne, uongozi uwe na muda unaojulikana, na anayemaliza muda akabidhi kwa maandishi mbele ya mashahidi.

Tano, zawadi anayopewa kiongozi kwa sababu ya wadhifa wake iandikwe na iingie katika mali ya msikiti, kwa hukumu ya Ibn al-Lutbiyya.

Ndugu viongozi, hatukuandika haya kwa chuki. Wengi wenu mmeuza cha kwenu ili msikiti usimame, na Allah hapotezi ujira wa wafanyao wema. Lakini kiongozi asiyesomwa daftari lake leo atalisoma mwenyewe kesho, mbele ya Asiyefichwa kitu. Hesabu ya duniani ni nyepesi. Ina kalamu, ina nafasi ya kusahihisha, na ina ndugu wa kukuombea msamaha. Anayejua hivyo hamchukii anayemuuliza. Humshukuru.

Nanyi ndugu waumini, Ijumaa ijayo msiondoke haraka. Yuko atakayesimama kuuliza, kwa adabu na kwa jambo maalumu. Msimwache asimame peke yake.

Tunamwomba Allah (s.w.) atupe viongozi wenye nguvu na uaminifu, awalinde waliopo na shari za nafsi zao, na azihifadhi mali za wakfu za Waislamu. Na mwisho wa maombi yetu ni kumhimidi Allah, Mola wa walimwengu wote.

Wabillahi tawfiq.